Mdomo Mchungu na Simu ya Jioni

Mdomo wangu ulianza kuwa mchungu baada ya mke wangu kwenda Korogwe kulea uzazi. Binti yetu wa mwisho alijifungua mtoto wake wa kwanza, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mtoto mpaka arobaini itimie. Aliniomba ruhusa, nikampa bila kufikiri mara mbili. Nilimsindikiza mwenyewe hadi stendi na kuku wake wawili, nikarudi nyumbani Chanika, hapa Handeni mjini, nikipiga mluzi. Arobaini kitu gani? Mtu unageuka tu, imekwisha.

Arobaini ikaisha. Binti akasema mama asubiri kidogo, mtoto ana mafua. Mafua yakaisha. Likizo ya uzazi nayo ikaisha, na binti yangu ni mwalimu, akarudi shuleni, sasa mtoto abaki na nani? Dada wa kazi aliyepatikana alikuwa anamwacha mtoto analia huku yeye anachezea simu. Basi mama akabaki. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema kitu. Ningesema nini? Mwanaume mzima, kichwa kimejaa mvi, niseme nyumba imenishinda?

Na ilikuwa imenishinda. Mimi ni fundi cherehani, mchana sina shida. Barazani kwangu watu wanapita, huyu kaleta suruali ya kupunguzwa, yule anadai sare ya mwanawe niliyomwahidi tangu juzi, tunagombana, tunataniana, siku inakwenda. Shida ilikuwa jua likizama. Kila mtu anaingia kwake, na wewe unafungua mlango wako unakuta kikombe ulichonywea chai asubuhi kipo palepale, na mabaki ya chai yamekauka ndani. Hakuna aliyekigusa. Nilikuwa naangalia kikombe kile mpaka machozi yanataka kutoka, halafu najitukana.

Uchungu wenyewe nilianza kuusikia asubuhi. Nilisukutua, ukabaki. Nikapiga mswaki mpaka fizi zikauma, ukabaki. Nikanywa chai ya sukari nyingi, ikashuka tamu, na uchungu ukapanda nyuma yake. Ulikuwa kama kidonge cha malaria kilichong'ang'ania ulimini, kimekataa kumezeka. Baadaye ukawa haungoji asubuhi. Unanikuta na cherehani, unanikuta msikitini, nikitema mate bado upo.

Sasa mke wangu alikuwa akinipigia simu mara mojamoja, akipata nafasi. Tunasalimiana, ananiuliza kuku wanataga, namuuliza mtoto anaendeleaje, basi, kwaheri. Mimi kupiga sikuwa napiga. Nimekulia hivyo: aliyesafiri ndiye anayeleta habari, aliyebaki anangoja. Jioni moja akaniuliza, "Wewe mzima?"

"Mzima, ila mdomo mchungu."

"Mchungu! Tangu lini? Una homa? Unakula lakini?"

Tukaongea mpaka salio lake likakata. Kesho yake baada ya Magharibi simu ikaita tena. "Mdomo vipi?" "Bado." Na keshokutwa. Ikawa ndiyo desturi yetu, nikitoka msikitini naharakisha nyumbani, simu naiweka mezani, naikodolea macho. Ikiita naiacha iite kidogo, nisionekane nilikuwa naingoja.

Mimi si mjinga. Niliona wazi kwamba mdomo huu ukipona, na simu hii imekufa. Nilitaka kupona, wallahi nilitaka, maana chakula kilinikinaisha na suruali zilikuwa zinaniporomoka mimi mwenyewe ninayewapunguzia wenzangu. Lakini kila nikiwaza kupona nilikuwa naiona simu ile imelala kimya mezani, na roho inanisinyaa. Nilikuwa natafuta dawa huku naogopa kuipata.

Dawa zenyewe hazikuwa haba. Ukitamka mdomo mchungu mbele ya watu wa Handeni, kila mtu ni daktari. Wa kwanza alisema malaria, nikapima, hakuna. Wa pili akasema ni jino bovu linavuja. Mwenye duka la jirani yeye akaapa kwamba nyongo imepanda, na nyongo inashushwa na mwarobaini. Hebu fikiria akili hiyo: mdomo mchungu unautibu kwa mti mchungu kuliko yote iliyoota wilayani. Eti uchungu kwa uchungu vinakimbizana. Na mimi nikanywa! Kila asubuhi kikombe kizima, macho nimefumba, kisha nashangaa mbona mdomo mchungu.

Bibi mmoja mteja wangu wa siku nyingi alingoja wenzake waondoke. Akaangalia huku na huku, akainama karibu na cherehani.

"Mwanangu, hebu kumbuka. Umekula kwa nani?"

"Bibi," nikamwambia, "mimi sijala kwa mtu. Hiyo ndiyo taabu yangu yenyewe."

Alinitazama kidogo, akachukua gauni lake akaenda zake. Jioni ile aliniletea bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda kwenye bakuli lililofunikwa. Nilishukuru, nikala peke yangu.

Mwishowe mke wangu akatoa amri kwenye simu: "Njoo huku Korogwe uonwe na daktari." Roho iliniruka. Hospitali zipo na kwetu, lakini nani alikuwa anataka hospitali?

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mtu anaweza kusema, mzee, Korogwe ni kwenda asubuhi na kurudi jioni, si ungekuwa unakwenda kila wiki? Kwetu baba hakai kwa mkwe. Mama anaweza kukaa hapo mwaka kwa ajili ya mjukuu na hakuna atakayenong'ona. Baba akilala hata usiku mmoja watu wanauliza, kwani kwake kumeungua? Unakwenda kwa sababu, unapokewa, unakula, unaaga jua likiwa bado juu. Angekuwa mahali popote pengine duniani ningemfuata. Alikuwa katika nyumba ile moja tu nisiyoweza kuizoea.

Nilikwenda na machungwa ya Kwamsisi, wilayani kwetu, nusu gunia. Mkwe wangu ni kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonimaliza. "Shikamoo baba," ameinama mpaka nikamhurumia. Akanipa sebule nzima. Nikakalishwa kwenye kochi kubwa, nikawashiwa feni, nikanawishwa, nikaletewa hotipoti ya wali na kuku wa nazi, kisha wote wakatoka na mlango wakaurudisha taratibu ili mzee ale kwa nafasi. Jamani! Nimekimbia Chanika kwa sababu ya kula peke yangu, nimefika Korogwe nalishwa peke yangu kwa heshima.

Uani nilikuwa namsikia mke wangu. Alikuwa anamwimbia mjukuu, na mara akaangua kicheko kile chake cha kukatika pumzi. Sikuwa nimekisikia tangu aondoke. Kwenye simu alikuwa hacheki, alikuwa anauliza mdomo. Nilifurahi na nikaumia, vyote kwa pamoja, na tonge nililokuwa nimeliweka kinywani likawa chungu kupita yote.

Nikalimeza kwa maji. Nikajaribu jingine. Nikafunika hotipoti nikanawa. Sikufikiri. Kuacha kuku mezani kwa mkwe ni kutangaza ugomvi, mtoto mdogo anajua, na mimi nililisahau kwa sababu nilikuwa nasikiliza kicheko. Mkwe alipokuja kutoa vyombo akafunua, akaona kidari na paja zimelala vilevile kama zilivyotoka jikoni, uso ukamshuka. Punde uani kukawa kimya, kisha nikamsikia binti yangu: "Baba kakasirika. Mama, tumemkosea nini baba?" Na akaanza kulia.

Mke wangu akaingia, mtoto mgongoni. "Mzee, aibu gani hii unatutia?"

"Mdomo," nikasema. "Si nimekwambia mdomo? Siwezi kula."

Hapo ndipo aliponiangalia. Aliangalia shingo, mashavu, akaangalia mkanda wangu niliokuwa nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. "Baba wee," akasema polepole. Nilikuwa na neno la kumwambia, wala halikuwa la mdomo. Lilifika kooni kabisa. Lakini mkwe alishasimama mlangoni na funguo za pikipiki, tayari kunipeleka kwa tabibu, na neno lile si la kusemwa mbele ya mkwe.

Sasa pikipiki ya mkwe, unashika wapi? Kiuno cha mkweo hukishiki. Nilishika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili, nimejikunja, na kila shimo najiona nimeshafika mtaroni. Yeye naye alikuwa anaendesha amekakamaa, amejisogeza mbele mpaka amekaribia kukalia tangi. Tulifika wote wawili tunaumwa mgongo.

Kwa tabibu nikadhani atanisubiri nje. Wapi! Adabu haikumruhusu kumwacha mzee peke yake. Akaketi ubavuni kwangu, mikono magotini. Tabibu akaanza: "Mzee, choo unapata vizuri? Tumbo linajaa gesi? Unacheua?" Mbele ya mkwe wangu! Niliangalia ukutani. Sijambi, sicheui, tumbo langu kimya, ndivyo nilivyojibu, kwa maneno ya heshima. Unakula vizuri? Sana. Unalala vizuri? Mno. Kwa majibu yale hata malaika asingejua naumwa nini. Yule bwana akakuna kichwa, akanipa vidonge vya kusafisha tumbo kwa kubahatisha, akanionya kwamba na vyenyewe vinaacha uchungu mdomoni kwa siku chache. Nikasema vizuri, nitakuwa na aina mbili.

Walinisindikiza wote mpaka barabarani. Mke wangu alitangulia nami hatua chache, binti na mumewe wakabaki nyuma kidogo.

"Nyumbani hakuna shida?" akaniuliza.

"Shida gani? Kaa na mtoto."

Nililisema hilo kwa kinywa changu, tena kwa sauti ya kujiamini. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akafunga upya kanga, na gari likaja.

Vidonge nilivimaliza, mdomo ukazidi. Simu za jioni zikaendelea, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imechoka. Jioni moja akaniambia halali usingizi, anawaza huenda nina ugonjwa mkubwa ninaomficha. Nikaona sasa nacheza na moyo wa mtu. Kesho yake asubuhi nikafunga cherehani, nikaenda hospitali hapahapa mjini peke yangu, bila mkwe, bila mtu wa kumwonea haya.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, ananiita babu. Nikajitoa mhanga, kila alichouliza nikamjibu kweli, hata vya chooni. Akanifungua kinywa na tochi yake, akagonga meno, akasema meno na fizi ni salama. Akapima sukari kwenye kidole, akasema sina, maana sukari nayo wakati mwingine hukausha kinywa na kuharibu ladha. Akauliza dawa ninazotumia, nikamtajia vile vidonge, nikamtajia na mwarobaini. Akaweka kalamu chini.

"Babu, mwarobaini kila siku? Kwa ajili ya mdomo mchungu?"

"Nimeshauriwa."

Alijizuia kucheka, nikamwona. Kisha akauliza: "Usiku unakula saa ngapi? Na ukishakula unafanya nini?"

"Nakula baada ya Isha. Nikishakula nalala."

"Palepale?"

"Nakula kitandani kwenyewe. Sahani nikiiweka chini, ndio nimeshalala."

"Babu, kwa nini? Hata kukaa kidogo?"

Sijui kilichonipata. Nilimjibu kwa ukali, mtoto wa watu hana kosa: "Nikae niongee na nani?"

Nikashusha macho. Akavuta kiti chake karibu, akanieleza taratibu. Tumbo lina tindikali yake. Mtu akila akakaa, chakula kinashuka nayo inabaki chini. Akila akalala chali tumbo limejaa, inapanda kooni usiku kucha, na asubuhi anaamka na uchungu mdomoni. Ndiyo maana nacheua, ndiyo maana kifua kinanichoma. Chai ya rangi kavu inazidisha, wasiwasi unazidisha, na mwarobaini, akasema, huo tuuache tu, babu. Nile mapema, nile kidogo, nikae wima si chini ya saa mbili tatu, na kitanda nikiinue upande wa kichwa. Akaniandikia na vidonge vya kutuliza tindikali. "Ukipungua uzito tena, au ukashindwa kumeza, urudi haraka," akasema.

Nilirudi nikatia matofali chini ya miguu ya kitanda. Nikaacha mwarobaini, mwenye duka akaninunia. Chakula cha usiku nikawa nakula jua halijazama, kisha nakaa kwenye kigoda cha cherehani, kisicho na mahali pa kuegemea, nisije nikajilaza. Mtu hajui urefu wa saa tatu mpaka azikae wima ndani ya nyumba isiyo na mtu. Zamani tulikuwa tunazimaliza bila kuziona. Mke wangu ananieleza nani kaachika, mimi namkatiza, ananiambia nimwache amalize, tunabishana, tahamaki usingizi umetushika. Sikujua kwamba maneno yale ya ovyo ndiyo yaliyokuwa yananishikilia wima miaka yote.

Uchungu ukaanza kupungua. Ukawa wa asubuhi tu. Kisha siku moja nikamenya chungwa, nikalitia mdomoni, nikashtuka: tamu! Tamu kabisa, mpaka likanichuruzika kidevuni. Nikamenya jingine. Nilikula machungwa yale barazani nikicheka kama mwendawazimu, mpaka nilipokumbuka jioni inakuja, na simu inakuja nayo.

Ikaita baada ya Magharibi. "Mdomo vipi?"

Ningeweza kusema bado. Lilikuwa neno dogo, na ulimi ulikuwa umelizoea. Lakini nilimsikia alivyovuta pumzi kungoja jibu, nikakumbuka kwamba halali usingizi.

"Umepona," nikasema. "Leo nimekula chungwa."

"Alhamdulillahi!" Akashukuru tena na tena, akamwita binti kumpa habari, nikasikia wanafurahi wote. Halafu akasema, "Basi usiku mwema, mzee," na simu ikakatika. Ilikuwa fupi kuliko zote.

Kesho yake baada ya Magharibi niliweka simu mezani. Haikuita. Nikasema labda mtoto anasumbua. Siku iliyofuata nayo haikuita. Nilikaa kwenye kigoda changu wima, tumbo shwari, mdomo mtamu, mzima wa afya, na sijawahi kuwa na hali mbaya kama ile. Hata nilipokuwa naumwa nilikuwa na mtu.

Siku ya tatu nikaichukua simu nikapiga mwenyewe. Kidole kilikosa jina lake mara mbili, mimi ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Kuna nini?" Alipokea kwa hofu. "Mdomo umerudi?"

"Haujarudi. Mdomo hauna neno."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga tu." Nikaona nikikata sasa sitapiga tena maishani. "Nyumba imenishinda, mama watoto. Siiwezi bila wewe. Wala si kupika, kupika nimejifunza. Jioni ndiyo siiwezi."

Nikatoa simu sikioni kuangalia kama imekata. Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

"Hivi wewe," akasema, "ulidhani nilikuwa napiga kila siku kwa ajili ya mdomo?"

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nilitoka kwako kwa ruhusa yako. Nikawa nangoja uniite. Arobaini ikaisha, hukuniita. Ukaja mpaka huku, nikakuuliza kule barabarani, ukaniambia kaa na mtoto. Nikajua umeshazoea, unapumua. Nikawa nakuuliza mdomo kwa sababu ndilo jambo pekee ulilokuwa unanijibu."

"Rudi," nikasema.

"Eti?"

"Nimesema rudi nyumbani."

"Mtoto analia huku, sikusikia," akasema. "Sema tena."

Mtoto hakuwa analia. Nyumba yote ile ya Korogwe ilikuwa kimya, nilisikia mpaka feni. Nikasema tena.